Namba za wateja ziko kwenye Excel, zifikeje kwenye SMS au WhatsApp? Njia tatu kwa mfanyabiashara wa Kigoma

Wafanyabiashara wengi wa Kigoma wana namba za wateja wao, tena nyingi. Zilianza kwenye daftari la mauzo, kijana wa stationery akazichapa kwenye Excel, na faili limekaa kwenye flashi tangu hapo. Halafu siku inafika. Mwaka 2024, kwa mfano, uvuvi Ziwa Tanganyika ulisimamishwa kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti. Boti zilipoingia tena ziwani, kila mwenye dagaa pale Kibirizi alitaka wateja wake wajue kabla hawajaagiza kwa jirani. Mwenye vitenge sokoni Mwanga anabanwa vivyo hivyo mzigo mpya ukishuka, na mwenye shule anabanwa ada zinapobadilika.

Njia ninazoziona zikitumika ni tatu. Ya kwanza ni kupakia faili lenyewe kwenye jukwaa la SMS za jumla. Ya pili ni kuzipeleka namba kwenye Google Contacts ili zitokee kwenye WhatsApp Business ya simu yako. Ya tatu ni kuliunganisha jedwali la Google Sheets na jukwaa, kila jina jipya liwe linavuka lenyewe. Zote zinafanya kazi, ila aliyefanikiwa na moja huisifia mbele ya mtu ambaye biashara yake haifanani na ya kwake hata kidogo, ndiyo maana nimeona niziweke pamoja.

Vigezo nilivyotumia

Nimezipima kwa mambo matano. Je, namba zinafika zikiwa nzima? Orodha ikibadilika kila wiki, kazi inarudiwa kiasi gani? Gharama ni ipi, ukihesabu pesa na muda wa mtu? Mteja aliyesema "msinitumie tena" anaheshimiwa vipi? Na ujumbe unamfikia nani: mwenye kitochi kijijini, mwenye simu janja mjini, au mteja aliye ng'ambo ya ziwa?

Hilo la nne naomba lisirukwe. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 imeanza kutumika 1 Mei 2023, na namba ya simu yenye jina la mtu ni taarifa binafsi. Mama aliyekuachia namba ili umpigie mzigo wake ukifika alikupa kwa kazi hiyo. Kumtumia matangazo ni kazi nyingine, na dawa yake ni kumuuliza. Swali la sekunde tano wakati wa kuandika risiti linatosha, kisha jibu lake linaandikwa kwenye kolamu yake.

Kwanza namba zenyewe

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu namba ikiharibika kwenye Excel hakuna njia kati ya hizi tatu itakayoiponya.

Excel inaichukulia namba ya simu kama hesabu. Ukiandika 0754 na zinazofuata, sifuri ya mbele inaondoka. Ukianza na +255, alama ya kujumlisha inaondoka, na kwa kuwa tarakimu zimefika 12, seli inaonyesha kitu kama 2.55754E+11. Namba kamili bado imo ndani ya seli. Lakini ukilihifadhi faili kwa mtindo wa CSV (maandishi matupu, kolamu zikitenganishwa kwa mkato), kinachoandikwa ni kile kinachoonekana, na tarakimu sita za mwisho zimekwenda bila kurudi. Kinga yake ni kuichagua kolamu nzima kabla ya kuandika chochote na kuipa muundo wa Text.

Kama namba zimeshaandikwa kwa mitindo mchanganyiko, ondoa kwanza nafasi na vistari, kisha tumia fomula ambayo mafundi wengi wanaijua: ="255"&RIGHT(A2,9). Inachukua tarakimu tisa za mwisho za namba iliyo kwenye seli A2 na kuzitanguliza 255. Kwa namba ya Tanzania jibu ni sahihi, iwe iliandikwa 0754, 754 au 255754.

Lakini orodha ya Kigoma si orodha ya Morogoro. Ya hapa ina watu wa Bujumbura na Rumonge, Uvira na Kalemie. Namba za Burundi huanza na 257 na kufuatiwa na tarakimu nane tu. Za Kongo huanza na 243 na kufuatiwa na tisa. Ukiivuta ile fomula hadi chini bila kuangalia, namba ya Burundi inachangia zile nane zake pamoja na 7 ya mwisho ya 257. Namba iliyoanza na 257 68 inatoka ikiwa 255 768, na hiyo ni sura kamili ya namba ya Vodacom Tanzania. Jukwaa halitaikataa. Ujumbe utakwenda, utalipiwa, na atakayeupokea ni mtu asiyekufahamu, pengine yuko Iringa, wakati mteja wako wa Bujumbura anabaki kusubiri. Za Kongo zina nafuu: zinageuka 255 81 au 255 99, ambazo si namba za simu za mkononi za Tanzania, kwa hiyo zinakataliwa na angalau unajua.

Kwa hiyo ongeza kolamu ya nchi. Panga jedwali kwa nchi, na kila kundi lipate fomula yake: Tanzania ile ya juu, Burundi ="257"&RIGHT(A2,8), Kongo ="243"&RIGHT(A2,9). Kisha hesabu urefu kwa =LEN: Tanzania na Kongo zitoke 12, Burundi 11. Isiyotimiza urefu huo mpigie mwenyewe, usikisie.

Kuna mengine mawili. Seli moja yenye namba mbili zilizotenganishwa kwa mkwaju (/) haitasomwa popote. Muulize mteja ipi anaitumia, nyingine iweke kwenye kolamu ya pembeni. Na majina. Wengi tumehifadhi watu kwa alama zetu wenyewe, "Mama Asha Kasulu mpya" au "Dagaa Kalemie 2". Jukwaa likiambiwa lianze ujumbe kwa jina, mteja wako anasoma "Habari Dagaa Kalemie 2". Tengeneza kolamu ya jina la kumwitia, hata kama itachukua jioni nzima. Mtu anajua anapoheshimiwa.

Njia ya kwanza: kupakia faili kwenye jukwaa la SMS

Unafungua akaunti kwenye jukwaa kama Beem Africa au Africa's Talking, unahifadhi faili kama CSV au Excel, unalipakia, kisha unaonyesha kolamu ipi ni namba na ipi ni jina.

Namba. Ukishaisafisha orodha, zinafika zilivyo. Hatari iko kwenye kulifungua tena faili la CSV kwa kulibofya mara mbili "nihakikishe tu": Excel inazigeuza upya kuwa hesabu, na ukihifadhi umeharibu kazi. Hakikishia kwenye faili la awali la Excel, CSV ikishatoka usiiguse. Kama laptopu iliwekewa mpangilio wa Kifaransa, kama nyingi zinazotoka ng'ambo, CSV yake hutenganishwa kwa nukta-mkato badala ya mkato, na jukwaa linaweza kuona kolamu moja ndefu. Chagua pia CSV ya UTF-8, la sivyo majina yenye herufi za Kifaransa yatatoka na alama za ajabu.

Orodha ikibadilika. Kazi inarudiwa. Kwa anayetuma mara moja kwa mwezi haina shida. Kwa anayeongeza wateja kila siku, ndani ya muda mfupi anakuwa na faili la "Wateja mpya", "Wateja mpya 2" na "Wateja FINAL", na hakuna anayejua lipi ndilo.

Gharama. Unalipia kila SMS kwa kila mtu, na hapa kuna jambo linalowakata watu pesa bila kujua. SMS moja ni herufi 160. Ukizidisha, kila kipande kinabeba 153. Hayo ni kwa herufi za kawaida. Ukiweka hata kikatuni kimoja cha tabasamu, kipimo kinashuka hadi 70, na vipande kuwa 67 kila kimoja. Majina nayo yanaweza kufanya hivyo: herufi é ya Désiré imo kwenye orodha ya herufi za kawaida za SMS, lakini ô ya Jérôme haimo. Ujumbe wa herufi 150 unaomtaja Jérôme kwa maandishi yake kamili unahesabiwa SMS tatu. Kwa mtu mmoja si kitu. Kwa wateja 300 wa upande wa Kifaransa ni pesa ya kreti.

Ridhaa. Ukitumia jina la biashara kama mtumaji (lisizidi herufi 11, na linahitaji kuidhinishwa, kwa hiyo liombe mapema kabla ya msimu), mteja hawezi kulijibu. Lazima uandike ndani ya ujumbe namba ya kupiga au kutuma anayetaka kuondolewa. Na akiondolewa kwenye jukwaa tu, siku ukipakia faili la zamani anaweza kurudi kana kwamba hakusema kitu. Alama ya "asitumiwe" iwekwe kwenye Excel yenyewe.

Inamfikia nani. Kila mwenye laini, kitochi au simu janja, awe na bando au hana. Mteja wa Kalya au Buhingu anaipata simu yake ikishika mtandao. Ng'ambo ya ziwa ndiko inakolegea: jina lililoidhinishwa kwa mitandao ya Tanzania haliendi nalo Burundi wala Kongo, na bei ya kutuma huko ni nyingine.

Inamfaa nani. Mwenye orodha kubwa ya ndani ya nchi, ujumbe mfupi wa mara chache, wateja wa kila aina ya simu: shule, SACCOS, muuza mawese wa jumla mwenye wateja hadi Kasulu na Kibondo.

Njia ya pili: Google Contacts hadi WhatsApp Business

Unapakia CSV kwenye Google Contacts kupitia kompyuta, simu yako inazivuta namba kwa akaunti ile ile ya Gmail, kisha WhatsApp Business inaonyesha waliomo. Unawapanga kwenye orodha za matangazo na kutuma.

Namba. Lazima ziwe na alama ya kujumlisha na namba ya nchi, hasa za ng'ambo, vinginevyo WhatsApp haimtambui mtu. Vichwa vya kolamu ndivyo vinavyowasumbua wengi. Njia rahisi: hifadhi mtu mmoja kwa mkono ndani ya Google Contacts, mpakue kama CSV, kisha tumia vichwa hivyo hivyo kwa orodha yako yote. Google inapokea hadi watu 3,000 kwa faili moja. Nashauri sana ufungue Gmail ya biashara pekee. Namba 800 za wateja zikichanganyika na za shemeji na mjomba, kuzitenganisha ni kilio.

Orodha ikibadilika. Mteja mpya unamwongeza kwenye simu papo hapo, ukiwa umesimama mwaloni. Ila kinachoongezwa kwenye simu hakirudi kwenye Excel. Baada ya miezi michache una orodha mbili zisizolingana, na ile ya simu ndiyo iliyo hai.

Gharama. Bando tu. Picha ya kitenge, sauti ya Kiswahili cha kwenu, video fupi ya dagaa walioanikwa wakakauka vizuri, vyote vinakwenda bila hesabu ya herufi. Gharama ya kweli ni muda, maana majibu yatamiminika na lazima awepo wa kuyajibu.

Ridhaa. WhatsApp imejiwekea ukuta hapa: ujumbe wa orodha ya matangazo unamfikia yule tu aliyehifadhi namba yako kwenye simu yake. Orodha moja inabeba watu 256. Ukipakia wateja 800 ambao hawajakuhifadhi, utaona umetuma, na kimya kitakachofuata utakidhania dharau. Anza kwa kuwaomba wakuhifadhi. Bandika namba kwenye mfuko, kwenye risiti, ukutani. Na wapokeaji wengi wakikuripoti kwa kuwasumbua, akaunti inaweza kufungiwa, na namba uliyoijenga kwa miaka ikaenda nayo.

Inamfikia nani. Mwenye simu janja na bando siku hiyo. Lakini mpaka hauzuii: mteja wa Kalemie anapata ujumbe ule ule, kwa gharama ile ile, na mteja wa Mwandiga. Kwa biashara ya ziwani hiyo ni nguvu kubwa.

Inamfaa nani. Mwenye wateja wanaomfahamu kwa jina, bidhaa inayohitaji kuonekana, na wanunuzi wa nchi zaidi ya moja.

Njia ya tatu: kuunganisha Google Sheets na jukwaa

Jedwali linahamia Google Sheets, na maelekezo mafupi yaliyoandikwa kwenye Google Apps Script yanapeleka kila mstari mpya kwenye jukwaa la SMS kupitia API yake (mlango ambao programu moja hutumia kuzungumza na nyingine). Wasiotaka kuandika maelekezo hutumia huduma za kuunganisha kama Zapier au Make.

Namba. Hakuna CSV, kwa hiyo yale matatizo ya kuhifadhi na kufungua faili hayapo. Badala yake kosa linasafiri bila kusimamishwa na mtu. Mfanyakazi akihamisha kolamu, au akiipanga upya kolamu moja bila zenzake, majina yanakwenda kwa namba zisizo zao, kimyakimya, hadi mteja alalamike. Funga kolamu za msingi zisihaririwe na kila mtu, na weka fomu ya kujazia ili asiwepo wa kuandika moja kwa moja kwenye jedwali.

Orodha ikibadilika. Hapa ndipo njia hii inapong'aa. Mteja anajaza fomu dukani, na jina lake limeshavuka kabla hajatoka mlangoni. Script inaendeshwa kwenye mitambo ya Google, kwa hiyo umeme ukikatika au laptopu ikizima, kazi inaendelea. Ila wengi hawajui kwamba muunganisho wa namna hii kwa kawaida ni wa upande mmoja: ukimfuta mtu kwenye Sheets, hafutiki kwenye jukwaa.

Gharama. Apps Script ni bure kwa matumizi ya kawaida. Zapier na Make hutoza kwa dola ukivuka kiwango cha bure, na zinataka kadi. Kuna fundi wa kuanzisha, na fundi huyo huyo wa kuitwa jukwaa likibadilisha kitu. SMS zenyewe unalipia kama kwenye njia ya kwanza. Mtake fundi akuachie maelezo kwenye karatasi: akaunti ni ya nani, ufunguo wa API uko wapi, unasimamishaje. Ufunguo huo usiandikwe ndani ya seli. Aliye nao anaweza kutuma kwa jina lako na kumaliza salio lako.

Ridhaa. Inaweza kuwa bora kuliko zote, kwa sababu fomu inaweza kuuliza na script ikamruka aliyekataa. Inaweza pia kuwa mbaya kuliko zote, script isipoambiwa kuangalia. Weka kolamu ya "imetumwa" pia, la sivyo mtu mmoja anapokea ujumbe ule ule mara tano kwa siku.

Inamfikia nani. Inategemea jukwaa ulilounganisha; likiwa la SMS, ni walewale wa njia ya kwanza.

Inamfaa nani. Sehemu inayopokea watu wapya kila siku na yenye mtu wa kulisimamia jedwali: duka la dawa, kituo cha mafunzo, hoteli.

Uchague ipi, kwa hali yako

Una wateja chini ya mia moja na unawajua. Usihamishe faili lolote. Wahifadhi kwenye simu mmoja mmoja, na uombe wakuhifadhi.

Una dagaa au migebuka, na wateja wako Dar es Salaam, Bujumbura na Kalemie. Gawa orodha. Wa Tanzania wapate SMS ya faili pale mzigo unapofika, wa ng'ambo wapate WhatsApp. Ukilazimisha wote wapite njia moja utalipia zaidi au utawakosa nusu.

Una vitenge, na mteja hanunui bila kuona. WhatsApp ianze. SMS ibaki kwa siku mbili au tatu kubwa za mwaka, ikiwaelekeza waje wakuhifadhi.

Una shule au kikundi cha akiba. Pakia faili mwanzo wa muhula, namba zikiwa zimehakikiwa upya na wazazi wenyewe, maana laini hubadilishwa sana. Usitegemee kwamba kila mzazi ana simu janja.

Unasajili watu wapya kila siku na una kijana mwaminifu wa kompyuta. Anza na kupakia faili kwa mwezi mmoja au miwili hadi kolamu zako zitulie, kisha unganisha. Kuunganisha jedwali ambalo bado linabadilishwa vichwa kila wiki ni kumlipa fundi mara mbili.

Orodha bado iko kwenye daftari. Una bahati, unaanza upya. Vichwa viwe vitano: jina la kumwitia, namba, nchi, amekubali matangazo au la, tarehe aliyokubali. Kolamu ya namba iwe ya Text kabla ya mstari wa kwanza. Ukimaliza, chukua namba tano tu, yako, ya mtu wa nyumbani, ya mtandao mwingine, moja ya Burundi na moja ya Kongo, tuma, kisha wapigie wote uulize wamesoma nini.